Ikwalaiza ya Mazinde na Nyimbo Nisizoruhusiwa Kuzisikia

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa kitu. Nilifika Mazinde asubuhi kwa baiskeli ya kuazima, suruali imejaa vumbi la barabara ya mashamba ya mkonge, na cheti changu cha ufundi wa redio kimekunjwa kwenye mfuko wa shati. Mkuu wa Mitambo alikitazama, akanirudishia, kisha akaninyooshea kidole kiti kilichokuwa karibu na dirisha. "Kaa pale," alisema. "Ukisikia kitu, niambie." Nikakaa mpaka watu wakaenda kula.

"Umesikia nini?" aliniuliza aliporudi.

"Sijasikia kitu, mzee."

"Na korona je?"

Korona ni mtambo wa kuchakata mkonge, unaoponda jani mpaka zibaki nyuzi tupu. Ulikuwa upande wa pili wa barabara, na asubuhi nzima ulikuwa ukinguruma mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka. Nilimwambia kwamba huo nimeusikia, ila sikudhani kuwa ndio anaoulizia.

"Hapa hakuna kingine cha kuulizia," alisema. "Kila atakayeimba humu ndani ataimba na korona mgongoni. Kazi yako wewe ni kumtua huo mzigo. Kesho uje mapema."

Naandika haya kwa ajili ya vijana wanaokuja kurekodi chumbani kwangu hapa Old Korogwe, ambao huniita Mzee Nobu nikiwapa kisogo, wakidhani sisikii. Nasikia. Masikio yangu yamechoka kidogo upande wa sauti nyembamba, lakini kejeli bado yanazinasa vizuri tu. Wananiuliza kwa nini nang'ang'ania kisanduku cha chuma chenye umri mkubwa kuliko baba zao, wakati simu zao zina kila kitu. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, ndiyo maana nimekaa kitako niandike.

Enzi hizo ofisi ya ustawi wa wafanyakazi wa mashamba ilikuwa na chumba cha kurekodia ndani ya jengo lililokuwa zamani klabu ya mameneja. Tulirekodi kwaya, ngoma za watu walioletwa kukata mkonge kutoka pande zote za nchi na hata nje ya nchi, pamoja na mawaidha ya afya. Jioni vyote hivyo vilipigwa kwenye vipaza sauti vya kambini. Mitambo yetu ilikuwa michache: maikrofoni mbili nzuri na moja ya kujitetea, kinasa sauti cha kanda kubwa, na kile kisanduku. Mkuu wa Mitambo alikipata kikiwa kimeshatumika kwingine, na baadhi ya nobu zake, yaani vile vifundo vya kuzungusha, zilikuwa zimefutika namba.

Kisanduku chenyewe ni ikwalaiza, mtambo wa kuongeza au kupunguza sehemu fulani ya sauti. Sauti ya mtu si kitu kimoja. Ina unene wake chini, ina kifua katikati, ina makali juu. Zile ikwalaiza mnazozijua wengi, za vijiti vingi vya kupandisha na kushusha, kila kijiti kimefungwa mahali pake na hakihami. Yetu ilikuwa ya aina inayoitwa semi-parametriki. Besi na trebo, yaani ule unene wa chini na makali ya juu, zilikuwa na nobu moja moja, lakini sehemu mbili za katikati zilikuwa na nobu mbili mbili. Kwa ya kwanza unachagua mahali kwenye sauti unapotaka kufanyia kazi, na kwa ya pili unaongeza au unapunguza pale pale. Parametriki kamili zina nobu ya tatu, ya kuamua eneo hilo liwe jembamba au pana. Yetu haikuwa nayo, ndiyo maana ikaitwa nusu. Aliyeiunda ndiye aliyeamua upana, na sisi tuliishi na uamuzi wake bila kulalamika.

Mkuu wa Mitambo alinifundisha kwa maneno matatu: ongeza, tembeza, kata. Ukisikia kitu kinachokera na hujui kimejificha wapi, kwanza ongeza kwa makusudi. Kisha itembeze nobu ya mahali taratibu, kutoka chini kwenda juu. Ukifika penyewe, kile kinachokera kitapiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia. Hapo simama, shika nobu ya pili, kata. Ili nisiibie kwa kusoma namba, alifunika uso wa kisanduku kwa kitambaa cha meza, nikawa napapasa nobu kwa vidole bila kuona namba hata moja.

"Namba ni za mtu asiye na masikio," aliniambia. "Wewe unayo."

Nilikichukia kile kitambaa. Kila kwaya iliyokuja niliitafuta korona chini ya sauti zao, naikosa, nakata kifua cha waimbaji badala yake, na wazee wa besi wanatoka kwenye kanda wakiwa na sauti za wavulana. Mkuu wa Mitambo hakunifokea. Alikuwa anafuta kanda na kuwaambia waimbaji waanze upya, na wao walinitazama kwa macho ambayo mpaka leo nayakumbuka. Nikaapa moyoni kwamba sitaondoka pale mpaka niiweze. Ikafika asubuhi moja, kwaya ya kambi ya chini ikiimba, nikatembeza nobu na nikaisikia korona imesimama peke yake kama mtu mlangoni. Nikakata. Sauti zikabaki zimeoga. Mkuu wa Mitambo alinyanyuka. Alikiondoa kitambaa, akakikunja, akakitia kwenye droo, na sikukiona tena.

Mashamba yalipoanza kufungwa, moja baada ya jingine, na chumba chetu kikafungwa. Nilihamishiwa Korogwe, kwenye ofisi ya habari iliyokuwa na gari la matangazo, na mitambo ikaja pamoja nami. Mkuu wangu sasa alikuwa Afisa Habari, mama mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye wilaya nzima ilimwita Bibi Habari. Tulizunguka naye vijijini, tukitangaza mchana na kurekodi ngoma na hadithi popote tuliporuhusiwa. Kisanduku kilifungwa kwenye rafu ya gari kwa mipira ya tairi kisirukeruke.

Kazi ya garini ilinifundisha mambo ambayo chumba cha Mazinde hakikunifundisha. Siku moja Handeni mjini, mgeni rasmi yuko jukwaani, vipaza sauti vikaanza kunguruma kuliko yeye. Bibi Habari akaniinamia sikioni.

"Fundi, huo mngurumo unamhutubia nani?"

Nilikata kwa nobu, ukapungua, lakini haukwisha. Baadaye nikaelewa kwamba tatizo halikuwa kwenye sauti bali kwenye ardhi. Mitambo ya umeme inahitaji waya unaoshuka ardhini kupitia fimbo ya chuma, na udongo wa Handeni ukikauka haupokei kitu. Tangu siku hiyo nilitembea na fimbo yangu, nyundo na dumu la maji. Tukifika mahali, kabla sijafungua hata maikrofoni, nazamisha fimbo na kuimwagia maji. Watu walidhani ni uganga. Niliwaacha wadhani hivyo, maana walikaa mbali na nyaya zangu.

Katika safari hizo tulifika kijiji kimoja wanawake wakiwa wanamtoa mwali. Bibi Habari alizungumza nao muda mrefu, akarudi garini.

"Fundi, shuka," alisema. "Wamekubali, lakini masikio yako hayana kibali hapa."

"Na nobu atashika nani?"

"Mimi."

Wenye unyago wao mnajua, na msiojua niwaeleze. Nyimbo anazofundwa msichana ndani ya nyumba ni za wanawake peke yao. Mwanamume hazisikii, awe mume, awe mwana, awe fundi wa serikali. Nilishuka. Bibi Habari alirudi na kanda ambayo sauti zake zilikuwa zimepasuka zote. Alijua kwa kuitazama tu sindano ya kipimo cha sauti, iliyokaa kwenye eneo jekundu tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakuileta ofisini. Aliwaachia wanawake wenyewe, akasema ni yao. Niliumia sana, si kwa kufukuzwa, bali kwa kuona nyimbo nzuri zinaharibika kwa kitu ambacho ningeweza kumwonyesha mtu kwa nusu saa.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa studio ya mtu binafsi hapa Korogwe mjini. Kompyuta zilikuwa zimeshaingia, na Meneja wangu alikuwa kijana mwenye haraka, mwenye adabu pia, nisimseme vibaya. Wimbo ulirekodiwa kavu, bila kurekebishwa, kisha mambo yote yakafanywa kwenye kioo. Nilijifunza. Msidhani mimi ni mzee wa kukataa vipya. Panya wa kompyuta namwendesha vizuri kuliko baadhi yenu. Lakini kisanduku kilipelekwa stoo, kikawekewa ndoo za rangi juu yake, na kila nilipopita niliona aibu kama mtu aliyemkalisha mgeni jikoni.

Siku ya kuniaga, Meneja aliniuliza ningependa zawadi gani, godoro au saa ya ukutani.

"Nataka kisanduku kilichopo stoo," nilimwambia.

"Mzee, kile kimekufa!"

"Basi nipe maiti yangu nikazike."

Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanisaidia kukibeba mpaka kwenye bajaji.

Nyumbani nilikifungua mezani. Kapasita za kuchuja umeme zilikuwa zimekauka, nikazibadilisha. Nobu zilikuwa zinakwaruza kila ukizigeuza, nikazisafisha moja moja kwa dawa. Chini kabisa, kwenye kona ya bati, nilikuta nyuzi za mkonge, laini kama mvi, zilizoingia tangu Mazinde. Hizo niliziacha. Chumba cha nyuma nikakitundikia mablanketi na magodoro ya zamani ili kisiwe na mwangwi, nikawa narekodi nyumbani kwangu: qasida, kwaya, na ninyi na mashairi yenu ya kukimbizana. Maikrofoni inaingia kwenye kisanduku kwanza, ndipo kinasa sauti. Mnalalamika kwamba sauti ikishapita hapo hairudi ilivyokuwa, na kwamba mngependa kurekebisha baadaye. Najua hairudi. Ndiyo maana nawataka mwimbe vizuri sasa.

Siku moja simu ikaita. Alikuwa Dada Mwanaidi, dada yangu mkubwa, anayeishi Kwamsisi. Mama yetu alifariki nikiwa mdogo, na Dada ndiye aliyenilea, akanipeleka shule, akaniombea baiskeli ile ya kwendea Mazinde. Nilisikia mkwaruzo mtupu kwenye simu. Nikaitikisa, nikatoka nje uani, nikamwambia, "Dada, mtandao mbaya, sikusikii."

"Si mtandao, Athumani," ulisema ule mkwaruzo. "Ni mimi."

Nikakaa kwenye ngazi. Alinieleza polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache. Kulikuwa na uvimbe kooni, daktari alitaka kumpasua kabla haujakua, na hakuficha kwamba huenda asiimbe tena. Dada ni kungwi. Ndiye aliyebaki anayezijua nyimbo za mwali za upande wetu tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa Kizigua chake cha zamani. Makungwi wengine wanajua kuitikia, hawajui kuongoza. Wajukuu zake wametawanyika, wengine wako Dar es Salaam, na akinyamaza yeye, mwali atakayekuja atafundwa nusu.

"Tumekaa sisi wanawake," alisema. "Tumekubali zirekodiwe. Kanda moja tu, tutakayoitunza wenyewe. Hatutaki simu, hatutaki kompyuta. Hizo zinasambaza. Na mwanamume asisikie."

"Mmempata fundi gani mwanamke?"

"Hatujampata. Ndiyo maana nakupigia wewe."

"Dada, mimi ni mwanamume."

"Najua. Nimekuogesha mimi."

Sikulala vizuri, lakini asubuhi nilikuwa nimeshaamua. Kama hawataki kompyuta, basi hakuna kurekebisha baadaye. Sauti lazima itengenezwe pale pale wakati anaimba, na chombo cha kazi hiyo ninacho. Kama siwezi kushika nobu, nitamfundisha atakayezishika. Mara hii nusu saa yangu nitaipata. Nilifunga kisanduku kwenye blanketi, nikachukua kinasa sauti cha kaseti, hedifoni, inveta na betri, fimbo ya chuma na dumu. Basi likanishusha Mkata, kutoka hapo nikakodi pikipiki mbili, moja ikanibeba mimi na kisanduku mapajani, nyingine mizigo.

Dada alikuwa amekonda. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, nikamwambia "shikamoo Dada". Hakuniruhusu nijaribishie maikrofoni kwa sauti yake ya kuimba. "Iliyobaki ninaitunza," alisema, na hata kuongea aliongea kwa kubana. Akanitambulisha kwa Mwajuma, mshonaji wa nguo pale kijijini na mmoja wa waitikiaji wake, mama wa makamo mwenye sindano mbili zimechomekwa kwenye ukosi. Yeye ndiye atakayekuwa fundi.

Mwajuma alikitazama kisanduku kwa mashaka. "Kaka, hiki kinashona nini?"

"Kinafumua," nilimwambia. "Hebu vaa hedifoni."

Tulifanya mazoezi siku nzima kwenye chumba kile kile kitakachotumika. Nilimfundisha kwa sauti yangu, kwa sauti yake mwenyewe, kwa jogoo, kwa sufuria. Ongeza, tembeza, kata. Mwanzoni alikuwa anazungusha nobu kwa pupa kama anayefungua chupa ya dawa. Nikamwambia azungushe kama anavyogeuza kitambaa chini ya sindano, naye akatulia papo hapo. Mchana aligundua peke yake kwamba chumba kina sauti ya pipa. "Kuna kitu kinavuma hapa katikati," alisema, akakitafuta, akakikata, akanitazama kwa mshangao. "Kumbe kilikuwepo siku zote!" Nilifurahi nikasahau hata chai.

Lililobaki ni lile koo la Dada. Kwa jinsi alivyoongea nilikadiria mkwaruzo utakaa wapi, katika nobu ya mahali ya sehemu ya kati ya juu. Nikaomba rangi ya kucha kwa binti wa jirani, nikaweka nukta nyekundu.

"Hapa au karibu na hapa utaukuta," nilimwambia Mwajuma. "Ukiukuta, kata bila huruma. Nataka wajukuu wamsikie Dada alivyokuwa, si koo lake."

Akaitikia kwa kichwa.

Waliimba asubuhi iliyofuata, sauti inapokuwa haijachoka. Nilifunga nyaya, nikazamisha fimbo nyuma ya nyumba, nikaimwagia maji, nikatoka. Walinipeleka mpaka kwenye pampu ya maji ya kijiji, mbali kiasi cha kutosikia kitu. Nikakaa juu ya saruji pembeni ya pampu, nimefunga mikono, na wanawake waliokuja kuchota wakawa wananiangalia kama mtu aliyefiwa. Maisha yangu yote nimekaa mbele ya mtambo wakati watu wakiimba. Siku ile, ambayo sauti yenyewe ni ya aliyenilea na huenda ni ya mwisho, nilikaa na ndoo. Nilitaka kulia, nikajizuia kwa kuhesabu ni wapi nyaya zingeweza kulegea.

Mara nikamwona Mwajuma anakuja mbio, kanga mkononi.

"Kaka! Kuna mngurumo! Tulikuwa hatujaanza vizuri ukaingia, na mimi nimekata, haukatiki!"

"Uko chini au juu?"

"Chini. Kama mashine ya kusaga."

"Uache kuukata. Ni ardhi imekunywa maji yote. Dumu liko tupu?"

"Tupu."

Nikashika mpini wa pampu, nikasukuma kwa nguvu zote mpaka ndoo ikajaa. "Mwaga yote kwenye fimbo nyuma ya nyumba. Chini taratibu, usiloweshe waya wa juu. Ukisikia mngurumo umeondoka, rudisha nobu yako ya chini ilipokuwa, kisha muanze upya." Akajitwika, akaondoka mbiombio. Nikabaki nahema. Sikujua kama Dada ana pumzi ya kuanza upya.

Mwajuma hakurudi tena, na nikaelewa kwamba maji yamefanya kazi. Halafu upepo ukageuka. Ulitoka upande wa nyumba ile, na juu yake kulikuwa na kitu chembamba, cha mbali, kinachopanda. Masikio yangu, pamoja na uzee wake, yaliinuka yenyewe kama ya mbwa. Nilifahamu kwamba nikinyamaza kidogo tu nitamsikia. Ninaapa hakuna kitu nilichokitaka duniani kuliko hicho. Lakini alinikabidhi kazi yake kwa sharti moja, na yeye si mtu niliyewahi kumdanganya.

Nikainuka nikaushika mpini wa pampu. Chuma chake kilikuwa na kutu, kililia kweekwee kwa sauti ya kutoboa, na mimi nikazidi kukisukuma. Niliwajazia ndoo wanawake wote waliokuwepo, na madumu yao, na la bibi mmoja aliyekuwa anapita tu.

"Mzee, pumzika," mmoja aliniambia.

"Lete lingine," nilimjibu.

Tangu Mazinde kazi yangu ilikuwa kuiondoa kelele ili sauti ya mtu isikike. Asubuhi ile nilitengeneza korona yangu mwenyewe, nikaisukuma mpaka viganja vikatoka malengelenge, na sikuiacha mpaka Mwajuma alipokuja kuniita kwa mwendo wa kawaida.

Nilipoingia chumbani wanawake walikuwa wameshatoka, na Dada amelala chumba cha pili. Kanda haikuwepo, walikuwa wameshaificha wanapojua wao. Kilibaki kisanduku, taa yake ndogo bado inawaka, na nobu ziko pale pale Mwajuma alipoziacha.

Nikainama nikazisoma. Mazinde nilikatazwa kuzitazama namba, na sasa sikuwa na kingine. Besi imeongezwa kidogo: kwa hiyo sauti ilikuwa imepungua mwili. Kati ya chini imekatwa palipokuwa na lile pipa la chumba. Trebo imepandishwa, lakini kwa uangalifu. Niliona jinsi alivyoimba, ninyi vijana, niliona wazi kabisa. Kisha nikafika kwenye kati ya juu. Nobu ya mahali ilikuwa imesogezwa ikapita nukta yangu kwa unene wa ukucha. Mwajuma aliukuta mkwaruzo, tena vizuri kuliko nilivyokadiria. Lakini nobu ya pili, ya kukata, ilikuwa imesimama katikati, kwenye sifuri.

"Uliukuta," nilimwambia. "Mbona hukukata?"

"Nilikata, Kaka. Ukaondoka wote, sauti ikawa safi kama ya msichana. Kwenye wimbo wa kwanza nikamvalisha Dada hedifoni asikie. Akanitazama, akaniuliza, 'Huyo ni nani?'" Mwajuma alifuta macho kwa pindo la kanga. "Nikairudisha nobu."

Sikuwa na la kumfundisha tena.

Dada alipasuliwa, na uvimbe ukatoka. Anakula vizuri, amenenepa, na anatuendesha wote kwa mikono na kwa macho. Sauti haikurudi. Mwali wa kwanza baada ya hapo alipotolewa, nimeambiwa kanda ilipigwa ndani, makungwi wakaitikia, na Dada amekaa katikati yao akipiga makofi. Sijaisikia na sitaisikia, na yule atakayeniletea kwa siri nitamfukuza na virago vyake.

Nilipofika nyumbani niliweka nukta za rangi ya kucha mbele ya kila nobu, pale zilipokuwa asubuhi ile. Sasa mnajua zile alama nyekundu ambazo mmoja wenu alitaka kuzikwangua kwa wembe. Kisanduku kinafanya kazi kila siku, njooni mrekodi, geuzeni nobu mpendavyo, na nitawafundisha mpaka mnichoke. Ila mkifika jioni mkanikuta nimekaa mbele yake mtambo umezimwa na nobu zote ziko kwenye nukta, msiniulize kama umeme umekatika. Kaeni kimya kidogo nje, namsikiliza dada yangu.